Fisi Aliyekuwa Akiuliza Tu

Kaeni vizuri niwape kisa cha Nyikasuka, na mwenye kutaka kubisha anisubiri nimalize.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ulikauka ukabaki njia ya vumbi, bwawa likawa tope, na nyasi zikawa zinavunjika chini ya kwato kama vijiti. Wanyama wakakutana, wakakubaliana kukusanya matikiti yote ya porini yaliyosalia na kuyaweka katika pango moja lenye ubaridi. Kila asubuhi yangegawiwa: wanaonyonyesha kwanza, wagonjwa wafuate, kisha waliobaki. Simba alikuwa mfalme wa pale. Alikuwa hakimu pia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kuitaka kazi hiyo. Akapanda juu ya mwamba, akazitikisa singa zake.

"Mimi Simba," akanguruma, "tangu leo mpaka mvua inyeshe, nyama haitapita katika kinywa changu. Nitakula tikiti kama nyinyi."

Wakampigia makofi. Swala walilia kwa furaha, na sababu walikuwa nayo. Fisi alilia kuwapita wote, mpaka ikabidi ashikiliwe asianguke.

Muhanga hakuyasikia makofi hayo. Alikuwa amelala. Muhanga ni kiumbe mpole, mwenye pua ndefu na masikio makubwa. Mchana hulala shimoni kwake karibu na bwawa, na giza likiingia hutoka na mkewe, Bi Muhanga, kwenda kwenye vichuguu kula mchwa. Maneno hana. Kazi anayoijua ni moja tu: kuchimba. Kila shimo la maana Nyikasuka lilichimbwa na yeye, na nusu ya wanyama wadogo wanalala katika mashimo aliyoyahama, wala hajapata kumdai yeyote kitu.

Asubuhi moja Ngiri, mlinzi wa lile pango la ghala, akaja mbio huku mkia umesimama wima. Ghala limevunjwa! Mwizi alitoboa kwa nyuma, akaingia, akala akasaza maganda, akatoka. Wanyama wakalitazama lile tundu.

"Nani hapa anajua kuchimba?" akauliza mmoja.

Vichwa vyote vikageukia upande mmoja.

Hivyo ndivyo Muhanga alivyotolewa kitandani jua likiwa la utosi, akasimamishwa mbele ya baraza huku macho yanamuuma kwa mwanga. Korongo, karani wa baraza, akamsomea shtaka akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Unashtakiwa kwa kuvunja ghala la wote na kula matikiti ya wote. Kweli au si kweli?"

"Si kweli," akasema Muhanga. "Mimi nakula mchwa."

Simba alimkodolea macho. Siku hiyo hakimu alikuwa na hasira ambayo hata matikiti yenyewe yangeishangaa. Alizunguka, akakaa, akasimama tena. Akaanza hotuba kuhusu heshima ya mahakama, na hotuba za Simba zilikuwa ndefu. Muhanga alijitahidi. Alibana taya, akabana pua, akajikanyaga mguu. Lakini saa hizo kwake zilikuwa za usingizi mzito, na miayo ikamshinda. Ikatoka miayo mirefu, na ulimi ukafuata, na ulimi wa muhanga si mfupi. Ukajikunjua wote mbele ya hakimu, ukaning'inia, kisha ukarudi taratibu ulikotoka.

"Unanitolea ulimi?" Simba akanguruma.

"Ni usingizi, mtukufu."

"Ni dharau! Korongo, andika: ameidharau mahakama. Atafagia uwanja huu kwa mkia wake mpaka kesi iishe."

Kanga mmoja akacheka. Naye akaandikwa. Kiboko akapiga chafya, akaandikwa. Twiga akaambiwa anamtazama hakimu kutoka juu, akaamriwa apige magoti, jambo ambalo kwa twiga si dogo.

Mwisho Simba akaiahirisha kesi hadi mwezi mwandamo, ili mashahidi watafutwe. "Na nasema hivi," akamalizia, "kesi sasa iko mahakamani. Marufuku kuijadili nje. Atakayefungua mdomo atakuwa amenidharau mimi."

Fisi, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Alasiri ile ile Fisi alipanda juu ya gogo pale bwawani, wanyama walipokusanyika kulamba tope.

"Ndugu zangu," akaanza, "mimi siijadili kesi. Kesi iko mahakamani, na mahakama yetu ni tukufu. Mimi nauliza tu. Nauliza: kati yetu, nani ana kucha za kuchimba pango? Simtaji. Nauliza: mchwa wanashibisha? Na kama hawashibishi, mwenye pua ndefu anashibia nini? Sijibu. Jibuni wenyewe."

Wakajibu wenyewe, tena kwa sauti.

Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Ikawa ndiyo burudani ya Nyikasuka, maana njaa inachosha na mchana ni mrefu. Wenye watoto waliwahi nafasi za mbele. Fisi aliiga mwendo wa Muhanga, akaiga pua yake, akaiga jinsi anavyokula tikiti kwa siri huku akitazama nyuma, na watu walivunjika mbavu. Kanga waliyachukua maneno yale wakayasambaza vichakani kabla jua halijazama, na kila walipoyasambaza yaliongezeka uzito.

Muhanga alikuwa akiyasikia yote. Shimo lake halikuwa mbali na lile gogo, na masikio yake ndiyo hayo mnayoyajua. Alijaribu kuyafukia mchangani ili alale. Hayakufukika.

Siku moja mkewe akarudi kutoka bwawani bila kunywa.

"Wamenizuia," akasema Bi Muhanga. "Mama Nyumbu kasema familia yetu imeshakunywa ya kutosha ndani ya matikiti. Nikamwambia kesi haijasikilizwa. Akasema, 'Isikilizwe ya nini? Sisi tumeshasikia.'"

Asubuhi iliyofuata mlango wao ulikutwa umezibwa kwa miiba. Waliichomoa mmoja mmoja, na Bi Muhanga pua ikamtoka damu.

Hapo Muhanga akaenda kwa Simba, akamkuta anachanwa singa.

"Mtukufu, Fisi anaijadili kesi yangu kila siku pale gogoni. Ulikataza."

"Amenitukana mimi?" Simba akauliza.

"Hapana, mtukufu."

"Amesema mahakama yangu ni mbovu?"

"Anasema ni tukufu."

"Amepiga miayo?"

"Hapana."

"Basi dharau iko wapi?" Simba akageuza upande wa pili uchanwe. "Wewe kafagie uwanja."

Muhanga akafagia uwanja. Alipomaliza akaenda kwa Bundi. Usiku ule ghala lilipovunjwa, Bundi alikuwa ametua kwenye mti juu ya kichuguu ambako Muhanga na mkewe walikuwa wakila mchwa, tena walisalimiana.

"Ndugu Bundi, utakuja kunisemea?"

Bundi akageuza kichwa chake chote nyuma, ilimradi asimtazame usoni. "Ningependa. Lakini kila mmoja anajua ni wewe. Nikisimama peke yangu niseme si wewe, mimi nitakuwa nani? Wataniuliza kama tulikula pamoja."

"Lakini uliniona!"

"Niliona," Bundi akasema kwa huzuni. "Ila siku hizi nikiwasikiliza, sina hakika tena."

Muhanga akarudi nyumbani akajilaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mchana ukapita bila usingizi, na giza lilipoingia hakuwa na hamu ya mchwa.

"Hodi humu!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Sungura, ambaye alikuwa akiishi katika shimo la zamani la Muhanga bila kulipa chochote na bila kufagia.

"Nimekuja kukutetea, mwenye nyumba wangu," akasema.

"Mungu akubariki."

"Asinibariki haraka. Ukifukuzwa wewe, shimo langu likibomoka nani atanichimbia lingine? Mimi kazi ya mikono siiwezi." Akakaa, akakunja masikio. "Mwizi ni Fisi."

"Umemwona?"

"Nimeona tumbo lake. Sisi sote mbavu zinahesabika, yeye tumbo linafika bwawani kabla ya miguu. Lakini tumbo si ushahidi. Itabidi aseme mwenyewe."

"Fisi akiri mwenyewe? Atakirije?"

"Yule ana njaa ya aina mbili," akasema Sungura. "Ya nyama, na ya kutazamwa. Hiyo ya pili haishibi kabisa. Wewe kaa hapa, tega masikio, na utakalolisikia usiniudhi kwa kuja kulia."

Kesho yake, Muhanga akiwa shimoni, aliisikia sauti ya Sungura kule gogoni. Ilikuwa mstari wa mbele.

"Mwacheni mtaalamu aongee!" Sungura alikuwa akipiga kelele. "Bwana Fisi, tuulizie na ya leo!"

Muhanga alihisi moyo unamshuka hadi kwenye kucha. Kutwa nzima Sungura alicheka kuliko wote, akapiga makofi kuliko wote. Siku iliyofuata vile vile.

"Huyo ndiye wakili wako?" akauliza Bi Muhanga.

"Ndiye."

"Basi tuanze kufunga mizigo."

Siku ya tatu mambo yakabadilika kidogo. Fisi alipanda gogo, akauliza kuhusu kucha, akauliza kuhusu mchwa, akaiga ile pua. Sungura akapiga miayo mirefu.

"Hizo tumezisikia, Bwana Fisi. Pua tumeiona. Huna jipya?"

"Jipya?"

"Nasikia Nyani naye ameanza kuuliza maswali kule mlimani. Ana mapya kila siku. Wenye watoto wanahamia kule."

Na kweli, Mama Nyumbu akainuka, akakung'uta vumbi. Kanga wakaanza kutazamana. Fisi aliona kundi lake linachoka, na uso wake ukawa kama wa anayeona sahani inaondolewa mezani.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Nilikuwa naliweka la mwisho! Nauliza: hamjui kwamba humo ghalani, chini kabisa ya matikiti, palikuwa na mkoba wa nyama kavu? Mkoba wa ngozi, umefungwa kamba! Na mwenye pua ndefu kautafuna wote, hakumbakishia hata nzi! Mnaniambia nini hapo?"

Bwawa zima likalipuka kwa kelele. Nyama! Muhanga kala na nyama! Mama Nyumbu akarudi kukaa. Fisi akainama kwa makofi mara nyingi sana.

Shimoni, Muhanga aliketi wima. Alikuwa mzito wa maneno, si mzito wa akili. Shtaka lilisema matikiti. Ngiri alisema matikiti. Korongo alisoma matikiti. Nyama ilitoka wapi?

Mwezi ukaandama, baraza likajaa. Waliokuja hawakuja kusikiliza. Walikuja kuona Muhanga anavyofukuzwa, na wengine walikuwa wamebeba miiba ya kumsindikizia. Simba akapanda mwamba wake.

"Mashahidi wa mshtakiwa?"

Bundi alikuwa juu ya tawi, amefumba macho kama aliyelala.

"Mtukufu," akasema Sungura, akisogea mbele, "kabla ya mashahidi, nina mashtaka. Mahakama yako imedharauliwa vibaya sana."

Masikio ya Simba yakasimama. "Nani amepiga miayo?"

"Hakuna, mtukufu. Ni Fisi. Amesema mbele ya bwawa zima kwamba ndani ya ghala palikuwa na nyama."

Simba hakunguruma. Alimeza kitu ambacho hakikuwamo kinywani.

"Mkoba mzima," Sungura akaendelea, sauti laini kama asali. "Sasa wewe uliapa hapa kwamba hutaonja nyama. Wanaoruhusiwa kuingia ghalani ni wewe na Ngiri tu, na Ngiri ni mla mizizi. Fisi anataka tufikiri nini? Kwamba mfalme wetu alificha nyama chini ya matikiti ya wagonjwa? Mtukufu, mimi mwili wote umenisisimka."

Baraza likaanza kunong'ona. Simba akaona macho ya swala yote yameelekea kwake.

"Fisi!" Sasa alinguruma, hata majani yakadondoka. "Umesema uongo juu ya ghala langu! Hapakuwa na nyama! Kwa dharau hiyo nitakung'oa meno moja moja!"

Fisi akarudi nyuma hatua mbili. Meno yalikuwa mali yake pekee.

"Mtukufu, nilikuwa nauliza tu..."

"Kusema kulikuwa na mkoba wa ngozi uliofungwa kamba si kuuliza," akasema Sungura. "Ni uongo. Mwongo mkubwa huyu, mtukufu. Ang'olewe."

"Si uongo!" Fisi akalia. "Naapa, mtukufu, mimi na uongo wapi na wapi! Mkoba ulikuwepo! Wa ngozi nyeusi, kamba ya ukindu, umebanwa chini kabisa, nyuma ya tikiti kubwa!"

"Hapakuwa na mkoba!"

"Ulikuwepo! Na wala si nyama ya kunigombeza hivi! Ilikuwa imejaa chumvi mpaka ulimi ukaniwaka kutwa!"

"Chumvi ilikuwa ya kutosha!" Simba akafoka. "Niliitia mwenyewe!"

Fisi aliufunga mdomo wake kwa miguu yote miwili ya mbele. Simba alibaki ameuacha wake wazi. Mahali fulani nyuma, kanga mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Nyama ya nani?" akauliza swala mmoja, taratibu. Swala wenzake wakaanza kujihesabu.

Sasa mtaniuliza: mfalme alifanyaje? Mfalme ni mfalme. Alifunga mdomo, akazitikisa singa, akatazama mbali kama anayeona jambo kubwa ambalo wengine hawalioni.

"Ulikuwa mtego," akatangaza. "Niliuweka mkoba ule kwa hekima yangu, ili nimnase mwizi. Na amenasa."

Wanyama wakamtazama. Wakayatazama meno yake. Wakasema kwa pamoja kwamba ulikuwa mtego mzuri sana.

"Basi mimi nilimwona Muhanga!" Sauti ikatoka kwenye tawi. Bundi alikuwa amefumbua macho yote mawili. "Usiku ule alikuwa kwenye kichuguu na mkewe mpaka alfajiri! Tulisalimiana!"

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" akafoka Ngiri.

"Nilikuwa nasubiri mwingine aseme," akajibu Bundi.

Waliobeba miiba walikuwa wakiidondosha polepole nyuma yao, kila mmoja akimtazama jirani yake kana kwamba ndiye aliyeileta.

Simba, akitaka yale mambo ya chumvi yasahaulike haraka, akamgeukia Muhanga kwa upole ambao hakuwa nao kabla. "Umeshinda. Fisi ni wako. Unataka nimfanye nini? Meno? Mkia? Sema."

Muhanga alisimama. Jua lilikuwa kali, macho yanauma, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache, lakini safari hii hakuwa na usingizi hata chembe.

"Matikiti yalikuwa ya wote, mtukufu. Hayo mtamalizana naye," akasema. "Mimi nadai jina langu. Ulisema asiyekuheshimu wewe ameidharau mahakama. Mimi mambo ya mahakama siyajui vizuri, huwa nalala. Ila nilidhani nimeitwa hapa ili nisikilizwe. Nilipofika, wote walikuwa wamemaliza kunisikiliza kule gogoni, na mimi sikuwapo."



"Basi Fisi apite," Muhanga akaendelea. "Kila nyumba, kila kichaka, kila tawi lilipofika neno lake. Abishe hodi, aseme: mwizi ni mimi, si Muhanga. Akimaliza nyumba zote, yamekwisha."

"Ndiyo hivyo tu?" Fisi akauliza, na kicheko cha nafuu kikamponyoka. Aliona ameponea chupuchupu.

Akaanza kwa Mama Nyumbu. "Nimekuja kusema nilikudanganya. Mwizi ni mimi."

Mama Nyumbu akamtazama juu hadi chini. "Ulinidanganya wewe? Mimi sijawahi kukusikiliza wewe. Ya Muhanga niliyajua mwenyewe, kwa kumtazama tu macho."

Akaenda kwa kanga. "Si Muhanga, ni mimi."

"Tumesikia, maskini," wakasema kanga, wakasogea karibu. "Muhanga amekulipa nini useme hivyo?"

Akaenda kwa Nyani kule mlimani. Nyani akamkatiza kabla hajamaliza. "Mimi simhukumu Muhanga," akasema, "lakini kama hakuhusika, kwa nini apate tabu yote hii ya kujisafisha?"

Kwa Twiga alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Twiga akasikia nusu. Kwa Nyegere hakupewa nafasi hata ya kusema, maana Nyegere alitaka kwanza kujua ladha ya nyama. Fisi akaapa, akalia, akajigaragaza, akaonyesha hadi kipande cha ile kamba ya ukindu. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ameshurutishwa. Katika maisha yake yote alikuwa hajasema kweli tupu kiasi hicho, na hakuna aliyeitaka.

Nyayo zilichanika. Tumbo lilirudi ndani. Hatimaye akafika kwenye shimo karibu na bwawa, akaanguka mlangoni. Bi Muhanga alikuwa nje akikung'uta mchanga. Shimoni, Muhanga alikuwa amelala, na mkoromo wake ulikuwa ukitikisa udongo wa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Muhanga," akasema Fisi, kwa heshima ambayo hajawahi kumpa yeyote. "Nimemaliza. Nyumba zote."

"Na wamekuamini?"

Fisi akainamisha kichwa. "Hapana. Hakuna hata mmoja."

Bi Muhanga akakung'uta mchanga uliobaki, akamtazama vizuri, akamwekea maji kidogo ya tope ndani ya ganda la tikiti. Fisi akayanywa yote, akalamba na ganda.

"Haya," akasema Bi Muhanga. "Kwa Mama Nyumbu unapita hapo nyuma ya kilima. Ukienda sasa hivi utamkuta."

Fisi akainuka. Akafuata njia ya nyuma ya kilima, akichechemea. Mimi nilipoondoka Nyikasuka nilimwacha mlangoni kwa Mama Nyumbu, anabisha hodi.